375 H&H ya mzee au 375 Ruger mpya? Wawindaji wa Arusha na Moshi njooni hapa

Mwanafunzi_wa_Mbogo

Wakuu habari za mchana. Naenda moja kwa moja.

Niko Arusha, nafanya kazi chini ya mwindaji bingwa kwenye vitalu vya uwindaji vya huku Umasaini, na natarajia kukaa mtihani ili nipate leseni yangu mwenyewe. Bunduki ninayobeba porini mpaka sasa ni ya kampuni. Nataka yangu, na nataka moja tu ambayo itanifaa kwa mbogo, kwa pofu na kwa pundamilia wa kambi, maana mfuko hauruhusu mbili.

Mezani kuna mambo mawili. La kwanza, mzee mmoja wa Moshi anastaafu na anaachia BRNO ZKK 602, bunduki ya Kicheki, kaliba (aina ya risasi) 375 H&H Magnum. Kitako kimechubuka lakini mtutu nimeuchungulia, mistari yake ya ndani bado ina makali. La pili, duka moja lenye leseni linaweza kuniagizia Ruger Hawkeye African mpya ya 375 Ruger. Bei zote mbili zimekaribiana ukijumlisha gharama za kuagiza. Karatasi zinapita polisi kama sheria inavyotaka, kwa hiyo asije mtu kunielekeza njia za panya.

Moyo wangu uko kwa Ruger. Risasi ya greini 300 (gramu 19.4) kwenye H&H inatoka futi 2,530 kwa sekunde, kwenye Ruger inatoka 2,660. Ni nyepesi, ni fupi, ni mpya, na ganda halina ule mshipi wa zamani, ile pete ya shaba inayolizunguka kule nyuma. Mzee naye kaniambia kwa upole kwamba vijana tunapenda namba. Nimewaza nije kwenu.

Chalii_Ngarenaro

Naweka kambi hapa. Mimi nina manati tu, lakini najifunza.

Kilimanjaro_Kusini

Mkuu chukua Ruger mapema, usizungushwe na wazee. Natumia 375 Ruger na sijutii. Mtutu mfupi, kwenye Land Cruiser haugongi mlango kila ukishuka, kwenye kichaka haukwami. Bolti, ule mkono wa chuma wa kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, unaivuta kidogo tu inarudi. Risasi yenyewe ni nene ileile ya inchi 0.375, kwa hiyo kanuni ya unene wa risasi kwa wanyama hatari haina shida na wewe, na inakwenda kasi zaidi. Hebu niambieni, H&H ina nini ambacho Ruger haina, ukiacha historia na picha za Wazungu wenye kofia pana?

FundiKijenge

Kilimanjaro_Kusini umeuliza swali zuri kwa dharau, nitakujibu bila dharau.

Tuanze na ganda lenyewe, maana hapo ndipo tofauti ilipo. Kichwa cha risasi ni kilekile kwa zote mbili. Ukichukua solidi (kichwa kigumu kisichotanuka) ya greini 300 ukaipandisha kwenye ganda la H&H, na nyingine ya boksi hilohilo ukaipandisha kwenye ganda la Ruger, mbogo hatajua iliyompiga imetoka wapi.

Holland & Holland walitoa 375 yao mwaka 1912. Wakati ule baruti iliyokuwa ikitumika Uingereza ni cordite, ambayo ilikuwa nyuzi ndefu kama tambi, si punje. Nyuzi zile zilitaka ganda refu. Tena cordite ilikuwa na tabia mbaya ya kupandisha shinikizo jua likiwa kali, na risasi zile zilikuwa za kwenda India na Afrika. Ndiyo maana ganda la H&H limechongwa likipungua taratibu kutoka kitakoni mpaka shingoni: likilegea kidogo tu kutoka kwenye ukuta wa chemba, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, limeachia lote na linatoka. Bega lake, pale ganda linapojibana kuelekea shingoni, ni la mteremko wa digrii 15 tu. Bega laini namna ile halikuaminika kuzuia risasi isizame mbele kupita kiasi, ndipo wakaweka mshipi kule nyuma ufanye kazi hiyo. Mshipi haukuwekwa kwa ajili ya nguvu. Haushikilii chochote kisilipuke. Unaweka ganda mahali pake, basi.

Ruger na Hornady walipokaa pamoja na kutoa 375 Ruger mwaka 2007, hawakuwa na cordite ya kuhangaikia. Wakachukua unene wa ule mshipi, inchi 0.532, wakaufanya kuwa unene wa ganda lote kule chini. Bega wakalipa digrii 30, na hilo bega ndilo linalozuia, mshipi hauhitajiki. Ganda limefupishwa kutoka milimita 72.4 mpaka 65.5, lakini kwa kuwa ni nene linabeba baruti nyingi kidogo kuliko la H&H.

Faida yake kubwa iko kwenye bunduki. H&H nzima na kichwa chake ina urefu wa karibu milimita 91, inataka bunduki ya umbo refu, na hizo siku zote zimekuwa ghali. Ruger ni kama milimita 85, inaingia kwenye bunduki ya umbo la kawaida, lile la risasi ya 30-06. Kiwanda kinaokoa fedha na wewe unaokoa uzito. Hiyo ndiyo sababu ya kuzaliwa kwake. Kasi ni nyongeza ya kuuzia.

Mwanafunzi_wa_Mbogo

Fundi umenifungua macho. Kwa hiyo mshipi leo hauna kazi?

FundiKijenge

Kwenye bunduki iliyochongwa vizuri, kazi yake ni ndogo sana. Ila haudhuru kitu pia. Wanaojaza risasi wenyewe nyumbani ndio huulalamikia, kwamba maganda ya mshipi hutanuka mbele ya mshipi yakirudiwa mara nyingi. Wewe unanunua boksi dukani, hayo hayakuhusu.

Mhifadhi_Njiro

Naomba nilete hesabu kidogo, wenye allergy na hesabu waruke.

Greini 300 ni gramu 19.4. H&H inaitoa kwa mita 771 kwa sekunde, hiyo ni nguvu ya karibu joule 5,780. Ruger kwa mita 811 ni kama joule 6,390. Ongezeko ni asilimia 10 na kitu. Kwenye karatasi inapendeza.

Sasa nenda porini. Bunduki zote mbili zimelengeshwa mita 100. Piga mita 150: tofauti ya kushuka kwa risasi ni kama sentimita moja. Moja! Pumzi yako baada ya kutembea kutwa nzima inahamisha mtutu zaidi ya hapo. Na mbogo humpigi mita 150 kama una akili timamu. Unamkaribia mpaka mita 60 au 70, na ukiwa bingwa wa kumlinda mgeni aliyekuja kuwinda, risasi yako wewe huenda ukaipiga mita kumi huku mnyama anakuja.

Halafu zile futi 2,660 ni za mtutu wa majaribio wa kiwanda. Kuna Ruger ya toleo la Alaskan yenye mtutu wa inchi 20. Ukikata mtutu kiasi hicho unapoteza kasi, na unajikuta umerudi jirani kabisa na H&H ya mtutu mrefu. Wengi wanaonunua kwa sababu ya kasi ndio haohao wanaotaka mtutu mfupi. Chagua kimoja.

Kingine, kasi ikizidi kwa mbogo si lazima ikusaidie. Sofuti (kichwa laini kinachotanuka) dhaifu ikigonga kwa kasi kubwa inapasuka mapema na kuishia kwenye bega. Kinachopenya ni kichwa kizuri chenye uzito wa kutosha kwa unene wake, na hapo tumeshasema vichwa ni vilevile.

Chalii_Ngarenaro

Sentimita moja. Na mimi nilikuwa naona watu wanatukanana mitandaoni kwa sababu ya sentimita moja.

Binti_UsaRiver

Wakuu mmezungumza mengi ya baruti, mimi nizungumze ya boksi. Nasimamia kambi, na kazi yangu mojawapo ni kupokea wageni wa kuwinda uwanja wa ndege wa KIA na kuhakikisha silaha na risasi zao zimefika na zinaendana na karatasi.

Mgeni anaruhusiwa na mashirika ya ndege kilo 5 za risasi, na kwa kawaida zinakuja kwenye sanduku tofauti na bunduki. Sasa bunduki ikafika na risasi zikabaki uwanja wa ndege wa huko zilikopita, unafanya nini? Kama ni 375 H&H, silali na wasiwasi. Kambini karibu kila bingwa anayo, na kitalu cha jirani wanayo. Mambo yanapangwa kwa utaratibu, mgeni anawinda. Mgeni wa 375 Ruger aliyepotelewa na risasi, nimemwona akishika bunduki ya kukodi safari nzima, na bunduki yake nzuri ikalala kwenye begi.

Duka vilevile. H&H inatengenezwa na kila mtu: Federal, Hornady, Norma, RWS, Sako, Sellier & Bellot, PPU. Mmoja asipoleta, mwingine analeta. Ruger unategemea Hornady na wachache wengine. Hornady wakichelewa kuleta, umekwama.

Kaka yangu mleta uzi, wewe unataka bunduki ya kazi. Jiulize mwezi Septemba ukiishiwa risasi katikati ya msimu utazipata wapi.

Kilimanjaro_Kusini

Dada Binti nakuheshimu, lakini hizo ni hoja za miaka ile. Mwindaji makini ananunua akiba ya kutosha kabla ya Julai. Kwa mwaka bingwa anapiga risasi ngapi za kumlinda mgeni? Chache mno. Boksi kadhaa zinakutosha misimu kadhaa. Mimi sijawahi kuishiwa.

Binti_UsaRiver

Hujawahi kuishiwa kwa sababu hufanyi mazoezi, kaka. 😀

Anayejifunza anatakiwa apige. Siyo mbogo, karatasi. Apige akiwa amesimama, apige kutoka kwenye fimbo tatu za kuegemeza bunduki, apige akiwa amechoka. Boksi la 20 linaisha asubuhi moja. Na kiasi cha risasi unachoweza kununua na kuweka nacho kina masharti ya kibali chako, si kama sukari ya dukani.

Kilimanjaro_Kusini

Hapo kwenye mazoezi umenipiga. Naendelea kusimama na Ruger yangu.

Tunza_Uhai

Watu wazima mnakaa kujadili namna bora ya kuua mnyama asiye na hatia. Aibu.

Mzee_wa_Nyayo

Mwanangu Tunza_Uhai, mjadala huu ndio unaomfanya mnyama asiteseke. Anayebeba bunduki asiyoimudu ndiye anayejeruhi na kuacha. Mimi nimefuata nyayo za mbogo waliojeruhiwa na watu wa aina hiyo na sikutamanii kazi ile. Kama unapinga uwindaji wote, fungua uzi wako nitakuja kusoma.

Sasa kwa mleta uzi. Nimefuata nyayo tangu enzi ambazo vitalu vilikuwa na majina mengine, na nimesimama nyuma ya mabingwa wengi. Sijui futi kwa sekunde. Najua vitu vitatu nilivyoviona.

Cha kwanza, magazini, pale risasi za akiba zinapokaa ndani ya bunduki. Hiyo 602 ya mzee inakula risasi tano na moja chemba. Hawkeye ya 375 inakula tatu na moja. Mnaongea joule na hakuna aliyetaja hili! Mbogo akitoka kwenye kichaka huhesabu ulizobakiza, unaendelea kuvuta bolti mpaka kitu kimoja kiishe. Napenda uwe na tano.

Cha pili, teke. Ruger ni nyepesi na ina kasi zaidi, vyote viwili vinakuja begani kwako. Nimeona vijana wazuri wakianza kufumba jicho kabla ya kuvuta kifyatuo. Mtu akishaanza kufumba jicho, kumrudisha ni kazi.

Cha tatu, na hiki nakisema kwa niaba ya sisi tuliokaa pembeni. Baadhi ya hizo Hawkeye African zinakuja na kitu cha matundu kwenye mdomo wa mtutu cha kupunguza teke. Kinampunguzia mpigaji teke kweli, halafu kinamrushia mfuata nyayo mlio wote masikioni. Wakati wa kumfuata mbogo mimi siko nyuma yako, niko ubavuni, macho chini kwenye damu. Ukipiga na kitu kile, siku nzima nasikia nyenje. Kinafunguka, kifungue kabla hujaingia porini na watu wako, na ukikifungua lengesha upya.

Mwanafunzi_wa_Mbogo

Shikamoo mzee. Suala la magazini kusema kweli sikuliwaza kabisa. Na la teke, bunduki ya kampuni ninayobeba ni nzito, nilidhani nyepesi itakuwa raha ya kutembea nayo.

Mzee_wa_Nyayo

Marahaba. Ni raha ya kutembea nayo, ndiyo. Unatembea siku nzima na unapiga mara moja. Kila mtu apime mwenyewe.

Mhifadhi_Njiro

Nimepigia hesabu hoja ya mzee. 602 ina kilo kama 4.2 bila darubini, Hawkeye kama 3.6. Ukiweka uzito wa bunduki, kichwa, baruti na kasi, teke la Ruger linazidi la H&H kwa karibu theluthi moja. Asilimia 10 ya nguvu mbele, theluthi nyuma. Sehemu kubwa ya hiyo theluthi inatokana na wepesi wa bunduki kuliko ganda, kwa haki ya Ruger niseme hivyo. Ukipata Ruger yenye kilo 4.2 tofauti inapungua sana.

Kilimanjaro_Kusini

Asante kwa kuwa mkweli. Na mimi niseme kitu ambacho hamjakisema. Bolti ndefu ya H&H ina tatizo lake. Ukishikwa na hofu unaivuta haraka, huifikishi mwisho. Ganda tupu halijatupwa nje, linarudi chemba, unafunga, unavuta kifyatuo, unasikia "tik". Mbogo yuko pale. Kwenye Ruger safari ya bolti ni fupi na kosa hilo ni gumu kulifanya. Zote mbili zina ule ukucha mkubwa wa Mauser unaoshika risasi tangu inapotoka magazini, kwa hiyo hapo ni sare.

FundiKijenge

Hapa nakubaliana na wewe kwa moyo mmoja. Na dawa yake ni ileile ya dada Binti, karatasi na risasi nyingi, mpaka mkono ujue urefu wa bolti bila kuuliza kichwa. Ila kwa upande wa kulisha, ganda lile lililochongoka la H&H linaingia chemba kwa ulaini ambao ganda nene lenye bega la ghafla haliufikii. Ruger inalisha vizuri, nimezijaribu, sizungumzii kukwama. Nazungumzia mkono unavyohisi.

Mdau_Kiboriloni

Samahani kwa kuingilia. Kwa nini hakuna anayetaja 9.3x62? Hiyo ndiyo ilikuwa bunduki ya huku kwetu kabla Waingereza hawajaja. Inaingia kwenye Mauser ya kawaida, teke lake la kistaarabu, na mbogo anakufa.

FundiKijenge

Mdau, hiyo naipenda kuliko zote mbili, ukitaka ukweli wangu. Otto Bock wa Berlin aliitoa mwaka 1905 kwa ajili ya wakulima na wawindaji wa Kijerumani waliokuwa Afrika, wapate risasi nzito kwenye Mauser 98 ya bei nafuu. Greini 286 kwa futi kama 2,360. Kwa miaka mia na ushee watu wamefanya nayo kila kazi. Cha kuchekesha ni kwamba walichokifanya Ruger mwaka 2007, kuingiza risasi ya Afrika kwenye bunduki ya umbo la kawaida, Bock alishakifanya zaidi ya karne nyuma.

Lakini kwa mleta uzi haifai. Unene wake ni inchi 0.366. Kwetu mstari wa wanyama hatari uko 375. Zimbabwe wanapima kwa milimita 9.2 na nguvu, kule 9.3 yenye mzigo wa kutosha inapita. Yeye anaomba leseni Tanzania. Bingwa hawezi kusimama mbele ya mgeni na bunduki isiyofika mstari.

Mdau_Kiboriloni

Nimeelewa fundi. Ya babu inabaki ukutani basi.

FundiKijenge

Ukutani? Natumaini ina kibali na imefungiwa kwenye kabati la chuma.

Mdau_Kiboriloni

Ni usemi tu mkuu, usiniitie polisi 😂 Ilisalimishwa zamani.

Laizer_wa_Longido

Nimesoma kimya kimya kutoka mwanzo. Mnakumbuka 458 Winchester? Ilipotoka mwaka 1956 ilisifiwa kwa maneno haya haya. Ganda fupi, bunduki ya kawaida, nguvu ya zile kubwa za Waingereza. Baadaye ikaonekana baruti imeshindiliwa mno kwenye ganda dogo, inagandamana, risasi nyingine zinatoka dhaifu. Watu walijua wakiwa mbele ya tembo. Mimi kila nikisikia "fupi na ina nguvu zaidi" nakaa chonjo.

FundiKijenge

Laizer hoja nzuri, lakini usiifananishe. 458 ilibanwa: kichwa cha greini 500 kinaingia ndani sana kwenye ganda fupi, baruti inabaki na nafasi ndogo. 375 Ruger haibanwi, nimesema ina nafasi zaidi ya H&H. Na baruti za leo hazina hasira ya jua kama zile. Sioni kosa la uhandisi kwenye Ruger. Kama zote mbili zingekuwa zinauzwa kila duka kwa bei moja, ningemwambia kijana achague kwa rangi ya kitako.

Laizer_wa_Longido

Sawa fundi, nimepokea. Ila swali la "zingekuwa zinauzwa kila duka" ndilo lililobeba uzi.

Mhifadhi_Njiro

Jambo la karatasi kabla sijasahau. Kibali na leseni viandikwe kaliba kwa jina lote. Isiandikwe "375" tu. Ukiingia dukani ukasema 375, utapewa H&H, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Na hizi mbili haziazimani: ganda la Ruger ni nene, halizami kwenye chemba ya H&H, na la H&H ni refu kwa chemba ya Ruger. Afadhali haziingii, kuliko zingeingia zikalipuka vibaya. Lakini fikiria umesafiri kutoka mjini mpaka kitaluni na boksi zisizo zako.

Binti_UsaRiver

Imetokea. Sitasema kambi gani.

Chalii_Ngarenaro

Dada tusimulie!

Binti_UsaRiver

Hapana.

Mzee_wa_Nyayo

Kijana, nimerudi kwa jambo moja la hatari kuhusu hiyo 602 kama utaichukua. Mwulize mzee ni toleo gani. Zile za zamani, sefti yake (kitufe cha kufunga bunduki isipige) inakwenda kinyume na bunduki nyingine: ukisukuma mbele umefunga, ukivuta nyuma umefungua. Bunduki ya kampuni unayoibeba bila shaka mbele ni kupiga. Kidole chako kimezoea hivyo. Mbogo akija utasukuma mbele kwa nguvu zako zote na utakuwa umeifunga. Nimeona mtu akivuta kifyatuo cha bunduki iliyofungwa, uso wake sitausahau. Kuna mafundi wanaoibadilisha ifuate mkondo wa kawaida. Ama ibadilishwe, ama usibebe nyingine yoyote zaidi ya hiyo.

FundiKijenge

Mzee kasema kweli tupu. Kuna sefti za kubadilishia zilizotengenezwa kwa ajili ya hizo hizo BRNO. Kazi hiyo apewe fundi mwenye kibali cha kazi hiyo, asipewe mchomelea mageti. Na ukienda kuiangalia tena, vua bolti uangalie uso wake, weka ganda la mazoezi lisilo na baruti uone ukucha unashika vizuri, kagua kitako nyuma ya kile kipande cha chuma kinachopokea teke. Mbao za bunduki hizi hupasuka hapo ndani, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uifungue.

Kilimanjaro_Kusini

Mleta uzi amenyamaza. Naona tumempoteza.

Mwanafunzi_wa_Mbogo

Nipo wakuu, nilishuka Moshi.

Nimekaa na mzee barazani kwake, nikamsomea baadhi ya majibu yenu. Alicheka sana aliposikia ya nyenje masikioni. Tumeivua bunduki. Kitako kina ufa mdogo palepale fundi aliposema, mwenyewe hakuwa anajua, amepunguza bei bila mimi kuomba. Uso wa bolti safi. Ukucha unashika. Sefti ni ya kinyume, mzee Wa_Nyayo una macho mpaka ya kuona Moshi.

Nimeamua H&H. Sijaamua kwa sababu Ruger ni mbaya, Kilimanjaro_Kusini usinichukie. Kama ningekuwa mwindaji wa mara moja moja na akiba yangu kabatini ningekwenda na wewe. Kwa kazi ninayoitafuta, risasi ambayo kambi nzima inayo inanipa usingizi, na tano kwenye magazini nazo zinanipa usingizi. Ule uzito nitauzoea. Maombi ya kuhamisha umiliki tumeshaanza, mimi na yeye tulikwenda pamoja.

Kilimanjaro_Kusini

Hongera mkuu. Siwezi kukuchukia, ila siku tukikutana kitaluni utanibebea Ruger yangu nusu saa ndipo tuongee.

FundiKijenge

Kitako usikibadilishe haraka. Ufa huo ukiwahiwa unazibwa kwa gundi ngumu ya mafundi na msumari wa shaba unaopita ubavu kwa ubavu, na unakaa miaka. Ukishapata karatasi zote, ilete kihalali tuiangalie pamoja na sefti.

Mwanafunzi_wa_Mbogo

Sawa fundi, nitaileta. Swali la mwisho: kwa mbogo, ya kwanza chemba niweke sofuti au solidi?

Mzee_wa_Nyayo

Wewe ni wa kumlinda mgeni. Mgeni anaanza na sofuti nzuri. Wewe utampiga mbogo akiwa anakimbia kukupa mgongo au anakuja usoni, na kote huko risasi ina safari ndefu ya kupita ndani ya nyama na mfupa. Mabingwa wengi niliosimama nao waliweka solidi tupu. Lakini kukiwa na kundi usipige solidi bila kuangalia nyuma ya mnyama, inatoka upande wa pili na kumjeruhi mwingine.

Mwanafunzi_wa_Mbogo

Solidi tupu basi. Dada Binti, duka gani lenye leseni mjini lina solidi za greini 300 sasa hivi?

Binti_UsaRiver

Njoo sanduku la ujumbe. Na uje na nakala ya kibali, kikiwa kimeandikwa H&H kwa jina lote.